Ngoma Bila Maneno Yako

Hezroni, mwana wa dada yangu,

Mama yako alikuja juzi kutoka Shianda. Alileta jogoo mwekundu aliyefungwa miguu kwa ukamba wa mgomba, akamweka mlangoni, akaketi kwenye kile kiti ulichokuwa ukikigombania na paka. Chai ilikuwa haijamiminwa bado.

"Kaka," akasema, "nimekuja kuchukua maneno ya mtoto wangu."

Sikumwuliza maneno gani.

"Dani aliniambia wewe unayajua yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho."

"Nayajua."

"Basi nipe."

Nilimwomba muda nifikiri. Hakubishana. Alikunywa chai yake akitazama sakafu, akarudi Shianda kabla ya mvua ya alasiri. Ungekuwapo ungecheka, kwa maana unajua kwamba mimi nikiombwa kitu kidogo hutoa hotuba. Safari hii sikuwa na hotuba. Ndiyo sababu nakuandikia wewe, kwa kuwa maneno hayo ni yako, na kanuni inayonifunga mdomo ni ile tuliyoitengeneza pamoja. Nitaanza mbali kidogo. Nivumilie, ulizoea.

Ulipokuja kukaa nami hapa Kakamega nilikuwa nimestaafu ualimu, na nyumba ilikuwa kimya tangu shangazi yako, mke wangu, alipofariki. Asubuhi ulikwenda Sigalagala kujifunza umeme, jioni ukarudi na harufu ya risasi ya kulehemu nyaya kwenye mikono. Katika redio mbili zilizokufa ulitengeneza moja iliyo hai. Mlango wa kaseti haukufunga, ukaushikilia kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Humo ndimo ulimopigia kanda zako za hip hop, kanda zilizonakiliwa kutoka kwa nakala ya nakala, hata sauti zikawa kama za watu walio ndani ya kisima.

"Hawa wanasema nini?" nilikuuliza.

"Wanasema maisha yao, Mjomba."

"Kwa kasi hiyo? Maisha yanawakimbiza?"

"Sasa umeelewa."

Nikaanza kukueleza habari za vina na mizani, na jinsi washairi wa pwani walivyopimana nguvu kwa kujibizana. Ukainua kidole. "Mjomba, nyamaza kidogo. Hapa ndipo anapopiga penyewe."

Mgeni angeshangaa kumsikia kijana akimwambia mzee hivyo. Lakini kwetu, mtoto wa dada ana ruhusa ya kumtania khotsa, yaani mjomba wake, kwa namna ambayo hangethubutu kwa baba yake. Nami, baada ya maisha yangu yote darasani, nilikuwa nimezoea kuamini kwamba kila mtu aliyekaa kimya anasubiri maelezo. Mjomba, nyamaza kidogo. Nadhani uliniambia maneno hayo kila siku, na kila siku nilikaa kimya muda wa wimbo mmoja.

Nakumbuka lile disko la mchana ukumbini mjini. Ulinisihi nije kukusikiliza, nikaja, mtu pekee mle ndani aliyevaa tai. Wewe ulivaa kofia ya sufu, na jua lile, na suruali ambayo wewe na baba yako mngeweza kuingia pamoja. Ukashika kipaza sauti. Ulirapu kwa Kiingereza cha puani kuhusu theluji iliyojaa mtaani, na bunduki iliyofichwa chini ya godoro. Ulirapu vizuri. Hukukosea hata neno. Ndipo Dani, yule kijana mrefu, mtoto wa karani, akapanda jukwaani baada yako.

"Bro wa Shianda!" Dani akasema. "Nauliza tu, usikasirike. Hiyo theluji ilianguka kwenu lini? Kabla ya kupalilia miwa ama baada?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko.

"Na hiyo bunduki, ni panga ya kukata miwa, sindio? Sema tu ni panga, buda. Hatutakuripoti!"

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Karibu na posta ulivua ile kofia ukaisokota mkononi.

"Wamenicheka, Mjomba."

"Wamecheka theluji."

"Lakini hip hop ya kweli ndiyo hiyo. Ndivyo ilivyo kwenye kanda."

Nikakueleza polepole, kama nilivyozoea. Kwenye kanda ile ni kweli kwa sababu yule mtu aliiona theluji, na huenda ilimnyeshea akiwa hana viatu. Ukichukua neno lake ukaliweka mdomoni mwako, linabaki lake, wewe umelibeba tu kama mtu anayembebea mwenzake mzigo. Ulinisikiliza mpaka mwisho, jambo lililonitia wasiwasi. Kisha ukasema kwa sauti ndogo, "Basi mimi sina la kusema. Shianda kuna nini?"

Jumamosi iliyofuata nilikuamsha kukiwa na umande, tukaenda karibu na Khayega kuwatazama mafahali wakipigana. Ulilalamika njia nzima kwamba mambo haya ni ya wazee. Halafu wakatokea watu wa kijiji cha juu na fahali wao, na mbele yao isukuti, ngoma zile tatu zinazobanwa kwapani, ile kubwa, ya kati na ndogo, ambazo sisi huziita baba, mama na mtoto. Mbele ya wote alikuwa Mzee Lihanda, mwimbishaji, akiruka kama mtu wa nusu ya umri wake, akimwimbia fahali wa wapinzani kwa lugha yetu:

"Wewe wa ng'ambo ya mto! Jana nimepita kwenu, nimekukuta umemkimbia jogoo! Mwenyewe amekulisha chumvi ya duka, amesahau kukupa moyo!"

Ukanishika mkono wa koti. "Mjomba! Huyu anamfanyia mwenzake vile Dani alinifanyia!"

Baadaye tulimkuta mzee ameketi kwenye nyasi akijipangusa jasho. Ukachuchumaa mbele yake kwa heshima. "Mzee, unaweza kumwimba fahali ambaye hujamwona?"

"Siwezi. Watu watanifukuza hapa. Mimi naimbanga ile nimeona na hii macho. Nikiimba ya kusikia, hata ng'ombe atajua."

Ulicheka hadi ukakaa chini. Na katika kurudi, wewe ndiwe uliyekuwa ukieleza, mimi nikisikiliza. Kwamba hip hop halisi haiko katika suruali wala katika Kiingereza. Mtu anaweza kurapu kwa Kiluhya, kwa Kiswahili cha hapa kwetu, hata kwa lugha ya magari ya stendi, nayo ikawa hip hop, mradi aseme alichokiona yeye. Na asiseme kamwe cha mwenzake. Anayechukua mistari ya mwingine ni mwizi hata kama anaisema vizuri kumpita mwenyewe. "Na ikiwa mwenyewe hayupo?" nilikuuliza, kwa mazoea ya mwalimu anayetafuta mwisho wa kanuni. Ukajibu bila kusita, "Basi inyamaze, Mjomba."

Hukukubaliana na Mzee Lihanda katika hilo. Naona bado mlivyobishana uani kwake siku tuliyokwenda kurekodi ngoma. Yeye huimba maneno ya baba yake na ya babu yake, na kwake huko si kuiba. Kuyaacha ndiko kungekuwa kuwazika mara ya pili.

"Lakini, Mzee, hayo ya babu yako ni yake," ulisema.

"Na babu yangu ni wa nani?"

Mzee aliinua ngoma yake tu, na wewe ukaenda kutayarisha redio.

Ulikuwa umepata kanda ya kwaya ya kanisa ambayo hakuna aliyeitaka tena. Matundu yake mawili ya juu uliyaziba kwa karatasi iliyotafunwa, ili redio ikubali kurekodi juu ya kwaya. Ngoma tu, ulisema. Maneno utayatia wewe mwenyewe kwa mdomo, kanda ikipigwa, kwa sababu maneno bado yanakua na ukiyafunga humo yatakauka. Ulibonyeza kitufe, wapigaji wakawa tayari, nami nilikuwa nikiwaeleza jinsi kipaza sauti kinavyogeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme.

Maneno yako nilianza kuyasikia kupitia ukutani. Sitayaandika hapa, lakini nadhani naruhusiwa kusema yalihusu nini. Yalimhusu baba yako anaporudi kutoka kukata miwa iliyochomwa, mweusi kwa masizi toka nywele hadi vidole, meno tu yakionekana. Yalimhusu mama yako anayesimama nyuma ya jiko na mtungi, akimmiminia maji. Na kulikuwa na mtoto aliyekaa pembeni, ambaye kila jioni alisubiri maji hayo yamrudishie uso wa baba yake. Hakukuwa na bunduki. Uliposimama tena katika ukumbi ule, na isukuti ya Mzee Lihanda ikitoka kwenye redio yako yenye mpira wa baiskeli, watu walicheka kwa sekunde chache, halafu hawakucheka tena. Dani alikuja mpaka tulipokuwa, akakushika bega.

"Maze," akasema, "mimi sina la kujibu."

Tangu siku hiyo alikula obusuma, ugali wetu, nyumbani kwangu mara nyingi kuliko kwao.

Ulitaka kumpelekea mama yako maneno hayo wakati wa Krismasi. Nilikwambia nenda sasa, lakini ulitikisa kichwa. "Ule mstari wa maji haujakaa sawa, Mjomba. Mama hawezi kusikia kitu kibovu." Ukaendelea kuugeuza, nami nikiusikia ukutani, mara hivi, mara vile.

Kuhusu malaria ile sitasema mengi. Ilipanda kichwani upesi. Ulipokuwa wodini uliniuliza kama mpira wa redio bado unashika, nikasema unashika. Krismasi ilikuta udongo wako bado mbichi.

Nilikuja Shianda na wapigaji kutoka Khayega, kama inavyopasa watu wa upande wa mama. Walipoingia langoni, dada yangu aliinuka. Alikuwa amekaa siku zote zile kama kitu kilichowekwa tu, lakini aliposikia ngoma ya nyumbani kwao aliinuka akanyoosha leso yake. Mzee Lihanda akatembea mpaka karibu na jeneza, akavuta pumzi, na kwa heshima kubwa kuliko zote alizozijua akaanza kuimba mstari wako wa kwanza, aliousikia kwako.

Dani akaruka kutoka katikati ya vijana wa Sigalagala. "Mzee! Mzee, tafadhali! Hiyo ni ya Hezroni."

"Najua ni yake. Ndiyo maana naiimba."

"Yeye alikataa. Alisema hakuna mtu achukue ya mwenzake. Sisi wote tulimsikia."

"Kijana, huyu amekufa. Nani atayabeba? Wewe?"

"Hakuna. Hakuna mtu atayabeba!"

Alikuwa akilia. Mzee naye alikuwa akilia. Ngoma ya mtoto ilinyamaza kwanza, kisha ya baba, na ile ya mama ikapiga peke yake mapigo machache kabla ya kuachwa. Watu wote wakanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye mtu wa kueleza. Lakini Dani alikuwa akikutii na Mzee alikuwa akikuheshimu, na kila mmoja alikuwa na haki. Hezroni, nilifungua mdomo na hakukuwa na kitu ndani. Mchungaji akaanzisha wimbo wa kitabuni, tukakuzika.

Jioni ile mama yako aliniambia jambo moja. "Wamepigania maneno ya mtoto wangu mbele yangu, na mimi sikuyasikia."

Dani naye alikuja, wiki moja kabla ya mama yako. Anatengeneza redio karibu na soko, na anaondoka kwenda Nairobi na wenzake. Wamepata mtu mwenye studio. Vijana wa miaka hii ya tisini wanaamini mlango umefunguliwa, na huenda ni kweli. Alitaka ile kanda ya ngoma, na alitaka maneno. Mengi anayakumbuka, ila ule mstari wa maji umemponyoka.

"Mimi ndiye nilimzuia Mzee," alisema. "Sasa nimekuja kuomba kile nilikataza. Lakini Mwalimu, kila nikiamka nayakuta yamepungua."

Nilimwuliza tu, "Baba yako alifanya kazi gani?"

"Karani."

"Umewahi kuona masizi ya miwa yakimtoka mtu usoni?"

Akachokoa ukucha. Kisha akatabasamu vibaya, kama mtu anayejitonesha. "Itakuwa theluji yangu," akasema.

Niliishia hapo Jumatatu, nikaacha karatasi mezani. Leo ni Jumapili, na kuna mengine ya kukuambia.

Jana nilikwenda Shianda. Nilifika wakati moshi wa mashamba ulikuwa ukipanda upande wa Mumias na vipande vyeusi vya majani ya miwa vilikuwa vikielea mpaka uani. Mama yako alikuwa nyuma ya jiko. Hatukusalimiana kwa maneno mengi. Nilikaa kwenye gogo. Baadaye kidogo baba yako akaja, mweusi mwili mzima, akaweka panga ukutani, akainama. Dada yangu akachukua mtungi.

Ndipo nikamwambia. Sikuimba wala sikugonga kitu kwa kidole. Nilimpa kama mtu anayepeleka habari kutoka mjini: mtoto wako alisema hivi, halafu akasema hivi. Niliona kwamba hapo sikubeba kitu chako kukifanya changu, nilikifikisha tu mahali ulipokuwa unakipeleka Krismasi. Kama nimekosea, utanisamehe. Baba yako alibaki ameinama, maji yakimtiririka shingoni, hakunyanyua uso mpaka nilipomaliza.

Mama yako aliuliza, "Kwani alikuwa anatuangalia?"

"Alikuwa anawaangalia."

"Mimi nilidhani anacheza."

Akajaza mtungi tena ingawa baba yako alikuwa ameshatakata, akamwagia hivyo hivyo. Halafu akasema, "Ule mstari wa maji. Amesema maji baridi?"

"Amesema baridi."

"Hayakuwa baridi, Kaka. Nilikuwa nayapashanga moto kwanza, kwa sababu ya mgongo wa baba yake. Angeniletea, ningemwambia."

Ungemletea, ndiyo. Ulikuwa ukiugeuza mstari huo ukutani kwangu wiki baada ya wiki, ukihisi tu kwamba kuna kitu hakijakaa, na mwenye jibu alikuwa Shianda, nyuma ya jiko, akikusubiri. Ulisema ulichoona, na kutoka pale ulipokaa, moto wa maji hauonekani. Sijaugusa mstari huo. Nimeuacha na ubaridi wake, kwa kuwa ni wako.

Asubuhi ya leo, baada ya kanisa, Dani amekuja kuchukua kanda. Maneno sikumpa, naye hakuyaomba tena. Atakwenda na ngoma, na juu yake atasema ya kwake, ya karani na mashine ya kuandikia iliyompa baba yake kikohozi cha wino, kama anavyoita. Lakini pale palipokuwa pa maneno yako ataacha, ngoma zipige bila mtu. Nimemweleza kwamba wasikilizaji huenda wakadhani ni kosa la fundi. Akasema wadhani.

Basi hivyo ndivyo ulivyogawanyika, mwana wa dada yangu. Maneno yako yako kwa mama yako, bila ngoma. Ngoma yako inakwenda Nairobi, bila maneno. Mtu pekee aliyeruhusiwa kuviweka pamoja amelala chini ya mgomba wa Shianda, na sisi wengine tunatii. Mzee Lihanda nimemweleza pia. Alisikiliza, akasema tu kwamba mmekuwa watu wa kunyimana wafu wenu. Sijui kama amekosea.

Kabla ya kumpa Dani kanda, niliipiga hapa mezani, ili ahakikishe karatasi uliyotafuna bado imeziba matundu. Nilikuwa nimesahau inavyoanza. Inaanza na mimi. Nasikika waziwazi, nikiwaeleza wapigaji mtikisiko wa hewa, hatua kwa hatua, bila haraka. Kisha wewe, karibu sana na kipaza sauti, ukicheka kidogo: "Mjomba, nyamaza kidogo." Kisha ngoma.

Hiyo ndiyo sauti yako yote iliyobaki duniani.

Dani alisimamisha redio. "Niikate hiyo ya mwanzo, Mwalimu? Ama nikunakilie uwe nayo?"

Nilimwambia asiikate. Na nakala sitaki, kwa maana sauti hiyo moja sihitaji kanda kuisikia. Akaondoka nayo mfukoni, akiwa ameifunga kwa ule mpira wa baiskeli. Paka amepanda kwenye kiti chako. Mvua imeanza. Nilikuwa na mengi zaidi ya kukueleza, kuhusu Mzee Lihanda, na kuhusu swali lake ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelijibu, lakini umeshaniambia.

Ni mimi, khotsa wako, ninayekaa kimya sasa mpaka wimbo uishe.